Nani Ana Haki ya Mpira?

Katika viwanja vingi vya mitaa ya Afrika Mashariki, jua likishapungua ukali, hukutana watoto thelathini, mpira mmoja na mtu mzima mmoja mwenye filimbi. Mtu huyo mara nyingi si kocha wa kusomea. Ni mwalimu wa shule ya msingi, fundi cherehani au dereva wa bodaboda aliyewahi kucheza ligi ya wilaya, ama hakucheza popote, ila alikubali pale wazazi walipomwomba awashike watoto wasizurure. Hana leseni, hata ile ya ngazi ya chini inayotolewa na CAF, shirikisho la soka la Afrika. Koni zake ni chupa za maji zilizojazwa mchanga, na magoli ni mawe mawili kila upande. Maswali anayojiuliza huwa ya ufundi: afundishe nini, apange vipi timu, jezi zipatikane wapi. Mimi nataka kuuliza swali jingine ambalo naamini linatangulia hayo yote, nalo ni la haki. Mpira ule mmoja ni wa nani? Kitu kisipotosha, je, mtu aliyekabidhiwa watoto anaruhusiwa kuwapa zaidi wanaoonekana kuwa na kipaji, na kuwaacha wengine pembeni wakingoja kuuokota mpira unapotoka nje? Jibu langu ni hapana. Tena nadai zaidi ya hapo: kwa watoto walio chini ya miaka kumi na tatu hivi, zamu sawa ni deni ambalo kocha anadaiwa na kila mmoja wao. Uhaba wa vifaa na uchache wa uzoefu haumpunguzii deni hilo. Unamzidishia.

Hoja ya upande wa pili ni ya zamani na ina nguvu. Aristotle, katika kitabu chake juu ya siasa, aliuliza zumari bora zipewe nani iwapo wapigaji ni wengi. Hakutaka zipewe waliozaliwa katika koo kubwa wala wenye sura nzuri. Alisema apewe anayepiga vizuri kuliko wenzake, kwa kuwa zumari ipo kwa ajili ya muziki na yeye ndiye atakayeutoa. Ihamishie hoja hiyo uwanjani, utapata kanuni ambayo makocha wengi huifuata bila kumsoma Aristotle: mpira apewe anayeujua. Mwaka 2009 Amartya Sen, mwanauchumi na mwanafalsafa mzaliwa wa India, aliuweka ugomvi wa aina hiyo katika kitabu chake juu ya haki, akautia ugumu zaidi. Kwake watoto watatu wanagombea zumari moja. Wa kwanza ndiye pekee anayejua kuipiga, wa pili ni maskini asiye na kitu kingine cha kuchezea, wa tatu ndiye aliyeitengeneza kwa mikono yake. Sen alionyesha kwamba kila dai lina msingi wake, na kwamba hakuna linaloweza kutupwa kama upuuzi. Msomaji wa huku kwetu hahitaji zumari ili aelewe. Aliyecheza chandimu anaujua mpira wa makaratasi na mifuko ya plastiki uliokazwa kwa kamba ya katani, na anajua kwamba aliyeusuka hawekwi nje hata kama pasi zake zinapotea. Watoto wenyewe, bila kocha, walikwisha kulitambua dai la yule mtoto wa tatu.

Lakini kanuni ya Aristotle ina sharti ambalo husahaulika. Inawahusu watu ambao tayari ni wapigaji. Mtoto wa miaka tisa hajawa mchezaji wa aina yoyote. Mguu wake unajifunza mpira kwa kuugusa, na kadiri anavyougusa ndivyo anavyouzoea. Yule anayeonekana kuujua leo, ukimpa zaidi, kesho ataujua zaidi, na ile tofauti uliyoifanya kuwa sababu ya mgawo itakuwa imegeuka tunda la mgawo wenyewe. Mwisho wa mwaka kocha atawatazama wawili hao, mmoja akipiga chenga na mwingine akikwepa mpira usimfikie, naye atasadiki kwamba jicho lake lilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Kumbe anatazama kazi ya mkono wake.

Na jicho lenyewe lina walakini uliokwisha kupimwa. Mashindano ya vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, na katika soka la kimataifa umri hukatwa Januari 1. Aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka uleule huingia kundi moja, ilhali mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima. Kwa mtoto wa miaka kumi, mwaka mmoja ni sehemu ya kumi ya maisha yake yote. Unaonekana kwenye urefu wa miguu, kwenye mbio, hata kwenye uwezo wa kuyashika maelekezo. Tangu miaka ya 1980, kwanza katika hoki ya barafu huko Kanada na baadaye katika soka la nchi nyingi, watafiti wamekuta jambo lilelile: timu teule za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa uteuzi, na wa miezi ya mwisho huwa wachache kuliko inavyotarajiwa. Ushahidi ulio wazi kuliko wote kwangu ni wa Ubelgiji. Hadi 1997 wao walikata umri Agosti 1, kisha wakahamia Januari 1. Watoto hawakuzaliwa upya, na chakula chao kilikuwa kilekile. Tarehe kwenye karatasi tu ndiyo iliyobadilika. Waliozaliwa kuanzia Agosti, waliokuwa wakionekana ndio wenye vipaji, wakaanza kupungua katika timu za vijana, na wa Januari na Februari wakaongezeka. Makocha wale walikuwa na mafunzo, walikuwa na mipira ya kutosha, na bado sehemu kubwa ya walichokiita kipaji ilikuwa ni miezi.

Antoine Griezmann alikataliwa na vituo kadhaa vya kulea wachezaji vya Ufaransa kwa sababu ya udogo wa mwili, hadi Real Sociedad ya Hispania ikamchukua. N'Golo Kanté naye hakuonekana na vituo hivyo, akaanzia madaraja ya chini. Wote wawili walianza katika fainali ya Kombe la Dunia huko Moscow mwaka 2018, Ufaransa ilipotwaa ubingwa. Sitaji majina haya ili kumwahidi kila mtoto wa benchi kwamba siku yake ya utukufu inakuja. Wengi wetu hatukuumbwa kuwa Kanté, wala si lazima. Nayataja ili kuwapima wachaguaji. Ufaransa ina mojawapo ya mifumo bora kabisa ya kulea wachezaji duniani, na ikiwa macho ya mfumo ule yalipitwa, basi mtu aliyeazima filimbi juzi anasimama juu ya nini anapomwambia mtoto wa miaka tisa kwamba hana mpira? Kati ya kazi zote za kocha, kuchuja ndiyo inayodai maarifa mengi kuliko nyingine, na kugawa zamu ndiyo inayodai maarifa machache. Anayekiri kwamba hajui mengi, na akawa mkweli katika kukiri huko, ataanza na ile anayoiweza. Ndiyo maana nasema uchache wa uzoefu unaukaza wajibu. Mwenye shaka hana ruhusa ya kutoa hukumu ambayo mtu mwingine ndiye atakayeilipia.

Pingamizi zito zaidi, hata hivyo, halitoki kwa wanafalsafa. Linatoka kwa umaskini. Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akapitia Simba na TP Mazembe, akatwaa tuzo ya CAF ya mchezaji bora anayecheza ndani ya Afrika ya mwaka 2015, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England. Mzazi wa Mbagala, Mathare au Goma anapoiona safari hiyo haoni michezo tu. Anaona nyumba ya tofali, ada za wadogo zake, matibabu ya bibi. Ataniuliza: ikiwa mmoja kati ya maelfu anaweza kuuinua ukoo mzima, si ndiyo huruma kumpa huyo mmoja kila tulicho nacho? Tena fedha zipo kweli. Kanuni za FIFA huelekeza asilimia 5 ya malipo ya uhamisho wa kimataifa zigawiwe klabu zilizomlea mchezaji kati ya miaka 12 na 23, kwa hiyo hata timu ndogo iliyosajiliwa inaweza siku moja kupata riziki kwa mguu wa mtoto iliyemfunza. Siwezi kuidharau hoja hii, na yeyote anayeidharau hajawahi kukosa ada.

Hata hivyo ina kasoro ambayo huruma haiwezi kuiziba. Ni kamari, na dau lake linawekwa na wengine. Watoto ishirini na tisa wanakatwa zamu zao ili kumjenga mmoja ambaye, kwa ushahidi tuliouona, kocha hana njia ya kumjua. Hakuna aliyewauliza, na kwa umri wao hata wangekubali, kukubali kwao kusingetosha. Yule mmoja naye hasalimiki. Anaanza kutazamwa kama mtaji, na mtaji hutarajiwa kuzaa. Akivunjika goti, au akichelewa kurefuka, anabaki na lawama ya ukoo mzima akiwa na miaka kumi na mitano. FIFA yenyewe, ambayo haiwezi kusingiziwa kuchukia biashara, imezuia uhamisho wa kimataifa wa wachezaji walio chini ya miaka 18 isipokuwa kwa sababu chache, na ilifanya hivyo kwa kuwa watoto walikuwa wakisafirishwa na kutelekezwa. Udanganyifu wa umri unatoka kwenye chemchemi hiyohiyo. Mwaka 2005 timu ya Tanzania ya vijana chini ya miaka 17 iliondolewa kwenye fainali za Afrika kwa kosa la mchezaji aliyezidi umri, na mwaka 2009, katika Kombe la Dunia la umri huo huko Nigeria, FIFA ilianza kutumia picha za MRI za kifundo cha mkono. Tulifika mahali mifupa ya watoto ikaitwa kutoa ushahidi kwa sababu maneno ya watu wazima hayakuaminika tena.

Swali hili limewahi kujibiwa hapa kwetu, ingawa halikuwa juu ya mpira. Mwaka 1967, katika waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea, Julius Nyerere alikosoa shule ya msingi iliyopangwa kana kwamba kazi yake ni kuwachuja wachache watakaoingia sekondari. Wengi hawangeingia. Elimu inayopata maana kwa kufaulu kwa wachache huwaambia wengi kwamba miaka yao saba ilikuwa bure. Alitaka elimu ya msingi iwe kamili yenyewe, imfae mtoto hata kama hataendelea. Watu wanabishana hadi leo kuhusu namna sera hiyo ilivyotekelezwa, na wana haki, lakini hoja yake ya msingi sijaona aliyeiangusha. Timu ya watoto nayo inapaswa kuwa kitu kamili. Mtoto aliyecheza kuanzia miaka minane hadi kumi na miwili kisha akawa muuza nguo Kariakoo awe amepata alichokifuata: mwili uliochangamka, marafiki, ujuzi wa kushindwa bila kupigana, na kumbukumbu kwamba alipewa nafasi yake. Ikiwa timu haikumpa hayo, haikumpa chochote, hata kama mwenzake alifika Ulaya.

Wapo watakaosema dini inawaunga mkono wachujaji, na mara nyingi mfano wa talanta katika Injili ya Mathayo ndio unaotajwa: mtumwa mmoja alipewa tano, mwingine mbili, mwingine moja, na aliyezalisha aliongezewa. Lakini someni nani anagawa. Anayegawa ni bwana mwenye mali, anayewajua watumwa wake. Kocha hayuko kwenye nafasi hiyo. Yeye ni mmoja wa wale watumwa, naye amekabidhiwa watoto thelathini. Siku ya hesabu hataulizwa kwa nini hakuwapunguza. Akiwachezesha kumi na mmoja na kuwaweka pembeni kumi na tisa msimu mzima, amechimba shimo na kuwafukia kumi na tisa, na katika mfano ule aliyefukia ndiye aliyelaumiwa. Kitabu hichohicho, sura chache kabla, kina mwenye shamba la mizabibu aliyewalipa walioitwa saa ya mwisho sawa na walioanza alfajiri. Waliotangulia walinung'unika kama wanavyonung'unika wazazi wa watoto wenye kasi, na hawakupewa haki katika manung'uniko yao.

Katika Uislamu jambo hili limesemwa karibu zaidi na uwanja wetu. Wakusanyaji wa hadithi, Bukhari na Muslim, wamepokea habari ya Bashir, aliyetaka kumpa mwanawe Nu'man zawadi na akamwendea Mtume Muhammad (S.A.W.) ili awe shahidi. Mtume alimuuliza kama watoto wake wengine nao amewapa mfano wa hiyo. Aliposema hapana, Mtume hakukubali kushuhudia, akamtaka amche Mungu na awe mwadilifu baina ya watoto. Hakuuliza kama Nu'man alikuwa mwerevu kuliko nduguze. Lipo pia tukio linalotajwa na wafasiri wengi wa sura ya Abasa. Mtume alikuwa akizungumza na wakuu wa Makureshi akitaraji wasilimu, akaja Ibn Umm Maktum, kipofu, akitaka kufundishwa. Mtume akakunja uso, na aya zikashuka kumrekebisha. Linalonishika hapa ni usafi wa nia. Hakuwa akitafuta faida ya nafsi yake. Alitumaini kwamba wakuu wakiongoka wengi watanufaika, na hiyo hasa ndiyo hesabu ya kocha anayemwacha mtoto mzito ili amkazanie mwepesi: huyu akifanikiwa, sote tutafanikiwa. Sura hiyo inafundisha kwamba matumaini ya faida kubwa ya baadaye hayampi mwalimu ruhusa ya kumgeuzia kisogo aliyekuja kujifunza sasa. Nao msimamo kwamba mchezo ni haki ya mtoto haukuletwa na Umoja wa Mataifa peke yake katika mkataba wa 1989. Mwanachuoni Al-Ghazali, aliyefariki 1111, aliandika katika kitabu chake Ihya kwamba mtoto aruhusiwe kucheza baada ya chuo, kwa kuwa kumnyima mchezo na kumlemeza kwa masomo huua moyo wake.

Hapa msomaji makini anaweza kunibana kwa upande mwingine. Ikiwa kocha hajui, kwa nini awe kocha kabisa? Si bora watoto wacheze chandimu yao wenyewe kuliko kuharibiwa na asiyejua? Pingamizi hili linanigusa zaidi ya mengine, kwa sababu lina kweli nusu. Nusu ya kwanza nitaijibu kwa kisa cha Joseph Jacotot, mwalimu Mfaransa aliyefundisha Louvain mwaka 1818. Wanafunzi wake wengi walisema Kiflemi na hawakujua Kifaransa, na yeye hakujua Kiflemi. Aliwapa riwaya ya Fénelon juu ya Télémaque, toleo lenye lugha mbili kwa pamoja, akawataka waisome, wailinganishe, wairudie, kisha waieleze kwa Kifaransa. Waliweza, tena vizuri kuliko alivyotazamia, ingawa hakuwa amewaeleza sarufi hata kidogo. Miaka mingi baadaye, 1987, mwanafalsafa Jacques Rancière alikitengenezea kisa hicho kitabu kizima, akidai kwamba mwalimu anaweza kufundisha asilolijua mradi awaamini wanafunzi kuwa na akili sawa na yake, na adai kutoka kwao bidii na umakini. Naamini Rancière amelipeleka dai hilo mbali mno, kwani upo ujuzi usiopatikana bila mwenye ujuzi. Lakini kwa soka la watoto anakaribia ukweli, maana darasa lina kitabu chake, nacho ni mchezo wenyewe. Wagawe watoto wanne kwa wanne, waache wacheze, na mchezo utawafundisha lini watoe pasi na lini wakokote mpira, kwa sababu kila kosa linajionyesha papo hapo.

Tufanye hesabu ndogo, maana uadilifu usiohesabiwa hubaki maneno. Mazoezi ya dakika 90, watoto 30, mpira mmoja: ukigawanywa sawasawa kabisa, kila mtoto anaupata dakika 3. Ukiwapanga foleni wapige golini mmojammoja, na kila pigo likachukua sekunde 20, kila mtoto anasubiri karibu dakika 10 kati ya pigo na pigo, na mpira unagusa mguu wake mara 9 jioni nzima. Sasa waombe watoto wasuke mipira miwili ya makaratasi, ugawe uwanja mara tatu, watano kwa watano. Kila mpira una watoto 10, na fungu la kila mmoja limekuwa dakika 9. Hakuna mfadhili aliyehitajika wala leseni. Sehemu ya uhaba tunaoulilia imo kwenye mpangilio wetu, na mpangilio huo mara nyingi unatokana na kutaka watoto waonekane kama timu kubwa ya kwenye televisheni, kumi na mmoja kwa kumi na mmoja, kila mtu na namba yake.

Nusu ya pili ya pingamizi naikubali bila kusita. Yapo mambo ambayo kocha haruhusiwi kutoyajua, na kisingizio cha kujitolea hakiyafuti. Mtoto aliyegongwa kichwa akapepesuka au akapoteza fahamu hata kidogo anatolewa, harudi siku hiyo, na anapelekwa kwa daktari. Maji yapatikane, na jua la saa nane lisifanywe kipimo cha uvumilivu. Radi ikisikika, uwanja unahamwa. Mipira ya kichwa ipunguzwe: mwaka 2020 vyama vya soka vya England, Scotland na Ireland ya Kaskazini viliagiza kwamba watoto wa shule za msingi wasifanye kabisa mazoezi ya kupiga mpira kwa kichwa. Mtu mzima asijifungie na mtoto peke yake, awe kocha, awe mfadhili, awe nani. Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha za kutisha, na asiyekubali kujifunza haya aiache filimbi. Uzembe juu ya usalama wa mtoto siuiti uchache wa uzoefu. Ni khiyana ya amana.

Linabaki pingamizi la ushindani, kwamba zamu sawa huzaa ulegevu na watoto wenyewe wanataka kushinda. Wanataka, naam, nami sipendekezi mechi zisizohesabiwa magoli kwa kudanganyana. Ninachosema ni kwamba aliyefungwa goli tatu akiwa uwanjani amefundishwa kitu, na aliyeshinda akiwa amekaa benchi hakufundishwa. Kuhusu ulegevu, ushahidi unaelekea kwingine. Mwaka 1987, kwa sadfa, mambo mawili yalianza mbali na mbali. Norway ilipitisha kanuni za michezo ya watoto ambazo, baada ya kuhuishwa 2007, huzuia mashindano ya ubingwa wa taifa kabla ya miaka 13 na orodha za washindi kabla ya miaka 11. Nchi hiyo ya watu milioni tano hivi iliongoza kwa medali katika Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 na ya 2022. Mtu atasema Norway ni tajiri, na ni kweli, lakini kujizuia kuwachuja watoto ni kitu ambacho maskini pia anakimudu. Mwaka huohuo, Mathare jijini Nairobi, ilianzishwa jumuiya ya michezo ya vijana ya MYSA, ambako timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa na mitaro kama zinavyopata kwa kushinda. Maelfu ya watoto wakaingia. Kutoka kwao ikatoka Mathare United, iliyoanzishwa 1994, na mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Mlango mpana haukuizuia timu kufika kileleni.

Wajibu huu haudumu milele. Kijana anapofika miaka kumi na mitano au kumi na sita, miili inakaribia kulingana, yeye mwenyewe anaweza kusema anataka nini na yuko tayari kulipa nini, na timu inayotaka kushinda ina haki ya kuteua. Hapo Aristotle anaanza kusikika. Lakini hata hapo aliyeachwa anastahili kuambiwa sababu uso kwa uso, na kocha ataweza kumtazama machoni ikiwa tu miaka iliyotangulia alimpa zamu zake zote. Mwenye nia ya kweli aweke daftari, aandike nani alicheza dakika ngapi kila wiki, na mzazi yeyote aruhusiwe kulifungua. Kumbukumbu ya kocha kuhusu uadilifu wake mwenyewe haiaminiki, kwa sababu ile ile inayofanya jicho lake lisiaminike.

Tena hesabu ya thelathini imeanza ikiwa na pengo. Oktoba 2022, huko India, Serengeti Girls wa Tanzania walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, hatua ambayo wavulana wetu hawakuwa wamewahi kuikaribia, ilhali katika mitaa mingi hakuna jioni hata moja ambayo uwanja ni wa wasichana. Saa ya mazoezi ndiyo saa ya kuchota maji na kuwasha moto, na hakuna aliyewafukuza wasichana hao kwa sababu hakuna aliyewangoja. Kocha anayekubali kwamba mpira ni wa watoto wote atalazimika kuondoka uwanjani, apige hodi nyumba kwa nyumba, na azungumze na akina mama na akina baba juu ya saa ambayo binti anaweza kuachiliwa. Hiyo nayo ni kazi yake, na haingoji mpira wa pili ununuliwe.